Ukakasi

Kazi yangu ni kuhesabu majeraha.
Saa kumi na mbili, ukungu haujaachia Kiboriani,
Mpwapwa iko chini, mabati yakianza kung'aa,
nina daftari, filimbi, na manati
ambayo sijawahi kumpiga nayo mtu wala nyani.

Mstari wa tisa, msindano wa nne: umechunwa.
Wa tano: umechunwa hadi kiunoni,
ganda linaning'inia kama shati lililovuliwa kwa pupa.
Wa sita: mzima.
Mzima, ila una alama ya meno, moja tu,
ya mtu aliyeonja mchuzi akarudisha kijiko.

Afisa Ndahani alisema ni bahati.
Akasema niandike hivyo kwenye safu ya maelezo.
Niliandika. Kalamu haikuona haya.

Lakini mimi nimelelewa na mbuzi, Chamkoroma,
na mbuzi hali kwa bahati.
Humwona kwenye mgunga: midomo mitatu, minne,
kisha anahama kabla majani hayajamgeukia
yakamkausha ulimi.

Basi asubuhi moja, nyani wakiwa bado juu ya mawe wakiota jua,
nilitoa kisu cha kukatia mboga
nikaanza kula shamba la serikali.

Mti wa nne: maji matamu, utamu wa muwa mchanga.
Wa tano: huohuo.
Wa sita ulinishika ulimi.
Ulimbo ulipanda puani kama dawa ya kuchua,
mate yakawa gundi, meno yakafa ganzi,
nikatema, nikatema tena,
nikatemea kiganjani nione kama ni damu.

Miti arobaini na moja, juma lile.
Mathayo, mume wangu, alidhani nimeanza kunywa mafuta ya taa.

Na nilichokiona sikukiandika:
mitamu iko bondeni,
tulikomwaga samadi, tulikopalilia mara tatu,
tulikopogoa matawi ili mbao zisiwe na vifundo.
Tumeinenepesha, ikakimbilia juu
hata ikasahau kujiwekea uchungu.
Kizuri chajiuza, walisema.
Hawakusema mnunuzi anakuja na meno.

Michungu iko penye mawe,
mvua inakopita bila kusalimu.
Mifupi, imepinda, mafundi huicheka.
Kwa mti wa pale jani moja ni mshahara wa mwezi;
anayeishi hivyo hufunga mlango kwa makomeo mawili.
Hata ule wa sita:
nilipochokonoa mizizi, jembe liligonga mwamba.

Nikamwambia Ndahani tuchukue mbegu za juu.
"Nyemo, Dodoma inajengwa.
Watu wanataka futi kumi na mbili, zilizonyooka.
Paa haliezekwi kwa uchungu."
Nikanyamaza. Hakukosea sana.
Mti wa sita una futi tisa, na nundu.

Jana dume yule mwenye sikio lililochanika
alikaa mstari wa tisa, hatua ishirini kutoka kwangu.
Alichuna ukanda kwenye ule wa sita, akatafuna,
akakunja uso,
akatema.
Nami, bila kujua, nikatema.

Tukatazamana,
wakaguzi wawili wa shamba moja,
mmoja akidai mshahara wa miezi miwili.
Kisha yeye akateremka bondeni kwenye chakula.

Nikapuliza filimbi, kwa kuwa ndiyo kazi.
Lakini mfukoni, koni tatu za kule juu
zilikuwa zimeanza kupasuka kwa joto la paja langu,
zikiachia mbegu mojamoja, nyepesi, zenye bawa,
na vidole vyangu vikinata,
vinanata hata sasa kwenye ukurasa huu:

Mstari wa tisa, mti wa sita: mzima.
Maelezo: nimeuonja.